Reli ya Uani Inayokatwa ili Igonge

Saa moja asubuhi, mzee wa miaka sabini na moja amepiga magoti uani kwake, anakata kwa msumeno reli aliyoichomelea mwenyewe. Mtaani wanamwita Babu Reli.

"Unajua nilikosea wapi?" anauliza. "Nimeijenga vizuri mno."

Reli hiyo ya vyuma vyembamba ina upana wa kiganja. Inapita kando ya kamba ya nguo hadi chini ya dirisha la chumba alicholala mkewe. Mama huyo alipigwa na kiharusi mwaka jana, na macho hayaoni tena. Daktari hakuzunguka maneno: arudi nyumbani, akae na watu wake.

Kwa miaka ishirini na sita waliishi kando ya njia ya treni. Mzee alitembea kilomita tisa kila siku akikaza nati za reli. Kisha treni zikakoma.

"Tulirudisha spana, tukaambiwa asanteni. Basi."

Sasa anachomelea milango. Akipata kazi moja kwa wiki, anashukuru.

Mkewe ameomba kitu kimoja tu: aisikie treni ikipita. Binti yao alimletea sauti kwenye simu. "Hiyo ni ya watu wengine," mama akasema, akageukia ukutani.

Mzee akaifuata njia ya zamani kwa miguu. Reli nyingi zimeng'olewa, na kwenye chumba cha tiketi kumeota kichaka. Akapima kwa kamba kona ya njia iliyokuwa mbele ya nyumba yao, akarudi kuijenga uani.

Jumapili akasukuma juu yake, kwa mara ya kwanza, kiberenge, kigari kidogo cha magurudumu ya chuma.

"Mbona husukumi?" mkewe akauliza kutoka ndani.

"Imeshapita, mama."

"Mzee wangu, treni inagonga. Hiyo haigongi."

Alikuwa sahihi. Reli ya kweli huachiwa nafasi kwenye maungio, maana chuma hutanuka juani, na hapo ndipo magurudumu hugonga. Fundi wetu, kwa kujivunia kazi yake, aliziba kila ungio akalisugua likateleza.

"Miaka yote hiyo naziacha mwenyewe zile nafasi," anasema. "Ya mke wangu ndiyo nimeziba."

Jana mama alikula vijiko viwili tu. Anaongea kidogo, analala sana. Yamebaki maungio sita ya kukata, na mzee anataka kumaliza kesho.

"Nitasukuma polepole," anasema. "Asikie inakuja, asikie inaondoka. Akiniambia ndiyo yenyewe, sitamng'ang'ania tena."