Maji Chini ya Kiti cha Bibi

Mume wangu hunicheka kwa jambo moja. Tukifika mahali popote pa kupiga kambi, kabla hajazima gari, mimi nimeshashuka. Sitazami bahari wala kivuli. Nakwenda kwanza kwenye choo cha wanawake, nafunga komeo, nalitikisa, nafungua bomba, ndipo narudi kumwambia alipe. Ijumaa iliyopita tulipeleka karavani yetu kwenye kituo kipya cha wasafiri, mwendo wa saa moja kutoka mtaa wetu wa Ghubra, na getini nikakuta ubao: bei ya siku, na chini yake maneno kwamba maji, umeme na vyoo vimo ndani ya bei hiyo hiyo. Niliusoma mara mbili na macho yakanilowa. Najua si kawaida ya mtu kulia mbele ya ubao wa bei, msomaji wangu. Kaa nikusimulie, maana hofu iliyonitoa machozi ni ya siku nyingi.

Nilikuwa na miaka tisa pale baba aliponunua karavani kuukuu kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarejea kwao. Ilikuwa na vitanda vya kukunja, jiko la gesi la macho mawili, na pembeni kichumba kidogo chenye choo. Bibi, mama yake baba, ambaye tulikaa naye mtaa wa Ansab, alikuja kuikagua na bakora yake. Alipofungua mlango wa kile kichumba aliufunga upesi kama aliyeona nyoka. "Choo na jiko chumba kimoja? Astaghfirullah! Mtu apike biriani huku mwenziwe yuko kule? Kitoeni, ama mie siingii humu!"

Bibi alizaliwa Unguja, ng'ambo ya bahari, katika nyumba ambayo choo kilikuwa mwisho wa ua, mbali na chakula na mbali na macho ya watu. Baba naye hakuwahi kumpinga mama yake hata kwa jambo moja. Kesho yake choo kiling'olewa, na mahali pake tukaweka gunia la mchele, makaa na masufuria ya sikukuu. Tukaona tumepata nafasi.

Sikukuu ya mwaka ule iliangukia siku joto linapoanza kuuma. Magari matatu yaliondoka Ansab asubuhi, sisi na karavani mbele, ami zangu, ndugu za baba, nyuma. Nikiikumbuka njia ile nasikia mpaka leo harufu ya mkate wa ufuta uliofungwa kwenye kitambaa, na nyama ya mishkaki iliyolala kwenye ndimu na tangawizi tangu alfajiri. Bibi alikaa kiti cha mbele anamkemea baba kila kwenye kona. Tulikuwa tunakwenda kambi moja ya ufukweni, ambayo jina lake nitalihifadhi.

Hapakuwa na ubao getini. Bei ilikuwa mdomoni mwa mlinzi. Kwanza alitaja bei ya kuegesha, ndogo kabisa, baba akatabasamu kama aliyeokota. Tulipokwisha kufungua kamba na kushusha masufuria, yakaja mengine: karavani ina bei zaidi ya gari, maji ya tangi yana bei yake, na vyoo, viwili tu kwa kambi nzima, vilikuwa na kufuli, ufunguo anao mlinzi, na kila ukiuchukua unalipa. Bei hizo hakuzibuni yeye, alisema, ameagizwa na mwenye kambi. Baba akawaka. Alikuwa mtu mkarimu, angekuchinjia mbuzi bila hata kukujua jina, lakini kuchezewa bei hakustahimili. "Mtu kulipia haja yake? Wallahi hii si biashara, huu wizi! Majabali yale pale." Ami zangu wakacheka. Majabali yalikuwa ya wanaume. Hakuna aliyeuliza wanawake wangekwenda wapi.

Mama na wake wa ami zangu walichanga sarafu zao za baisa, wakawa wanakwenda pamoja, mara moja asubuhi na mara moja magharibi. Bibi alikataa. Ufunguo ulifungwa kwenye kipande cha mbao kirefu kama mwiko wa pilau ili usipotee. Mlinzi alikaa getini na wanaume sita saba wanacheza karata, na mwenye kuuchukua ilimpasa apite nao mbele yao, kwenda na kurudi. "Mtu mzima kama mie? Nipite na mwiko mkononi watu wajue nnakwenda wapi?" alimwambia mama. Mama alidhani atamshawishi baadaye. Wala kukililia choo cha karavani bibi hakuweza, maana aliyekitoa ni yeye.

Kazi yangu safari ile ilikuwa bibi. Nimpepee, nimtafutie bakora, nimletee maji. Alikuwa na sukari, na daktari alimsisitizia anywe maji mengi, kwa hiyo mama alinikabidhi jagi na bilauri. Nilimjazia, akapokea kwa "Mungu akukuze, mwanangu," na nikigeuka kidogo nikirudi, bilauri ni tupu. Nilijivuna sana. Asubuhi ya siku ya pili, nilipoinama kumwokotea ndara yake, niliona mkono wake umeshuka pembeni ya kiti. Maji yalikuwa yakimwagika taratibu mchangani, na mguu wake ukiyafukia.

Macho yetu yakakutana. Akanishika mkono, na kiganja chake kilikuwa kikavu na moto. "Usimwambie mtu. Mambo ya msalani hayasemwi. Aibu ya maiti aijuae mwosha, na mwosha wangu ndo wewe. Umesikia?"

Nilisikia. Mtu mzima anajua kwamba hiyo ni methali ya kutunza siri. Mtoto wa miaka tisa anasikia maiti. Nikaendelea kumletea maji, naye akaendelea kuyamwaga, na mimi nikawa nasimama mbele ya kiti ili wengine wasione. Karibu na adhuhuri midomo yake ilikuwa myeupe na ulimi unamnata akizungumza. Watu walimwona amefumba macho wakasema joto, mwacheni apumzike. Baada ya sala aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa Unguja zamani, akaniuliza kama nimeshaanua nguo. Nikamwambia ndiyo, nimeshaanua. Nikisema, nimemvunjia bibi stara yake. Nikinyamaza, atakufa, na mimi ndiye nitakayeitwa kumwosha.

Nikaenda kwa baba. Alikuwa kwenye moto wa mishkaki na ami zangu, na wanaume wa karavani za jirani aliowakaribisha. Nikasimama pale, na neno choo halikutoka. Nililelewa vizuri mno. "Una nini, mama?" akaniuliza. Nikamvuta mkono tu, nikamfikisha kwenye kiti cha bibi, nikapiga magoti, nikafukua kwa vidole. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu, wa chini mweusi umelowa, na kila nikichimba unazidi kulowa. "Maji ya bibi haya," nikasema. "Yote."

Baba alitazama mchanga, halafu mlango wa kile kichumba chenye gunia la mchele, halafu getini kwenye ufunguo. Sijapata kuona mtu mzima akiogopa namna ile. Alimbeba bibi mikononi, akalichomoa gari kwenye karavani, tukaondoka. Njia nzima hakusema ila "Yaa Rabbi, yaa Rabbi," na mama anamlowanisha bibi midomo kwa kitambaa. Mimi nilikaa chini miguuni pake nahesabu pumzi zake, nikiamini nikikosea hesabu atakufa. Hospitali walimtia dripu. Daktari akasema figo zimeumia, na lau tungengoja mpaka magharibi... Akaniona, akageukia dripu.

Bibi aliinuka, lakini hakurudi kuwa yule. Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne akasema, "Umenitangaza. Mbele ya wanaume." Nikaangua kilio. Akanivuta kifuani. "Haya, basi. Mficha uchi hazai, wamesema wakubwa. Mie nilikuwa nshazaa, ndo mana nikasahau."

Hakusafiri tena. Baba alinunua choo kipya cha karavani, akakitia kwa mikono yake, akakiacha na nailoni yake juu, kinamngoja mama yake. Karavani ikasimama ukutani Ansab mpaka matairi yakapasuka. Bibi alipofariki nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilikuwa miongoni mwa walioingia kumwosha. Nilimimina maji mengi, mengi kuliko nilivyoambiwa, mpaka shangazi akanishika mkono.

Nyumba ya Ansab imeuzwa sasa. Ami zangu wametawanyika, sikukuu kila mtu na watoto wake, na mkate wa ufuta tunanunua. Nasikia watu wakibishana juu ya bei za vituo hivi, ghali, rahisi. Mimi sigombani na bei kubwa wala ndogo, ilimradi itajwe yote getini na choo kisiuzwe peke yake. Kambi ile ilikuwa rahisi kweli. Kilichobaki tulikilipa kwa figo za bibi.

Ijumaa iliyopita tulikuwa na shemeji zangu, na mama alikuja nasi. Amefikia umri wa bibi, na sukari anayo. Nilimweka kivulini, binti yangu akawa anampelekea maji. Mimi nilikuwa nakata vitunguu, lakini macho yangu yalikuwa chini ya kiti. Bilauri ya kwanza ikawa tupu. Ya pili ikawa tupu. Nikaacha kisu, nikajifanya natafuta kifuniko, nikagusa mchanga. Mkavu. Nikachimba kidogo. Mkavu.

Mama aliniona. Akachukua bakora yake, na mbele ya mume wangu, shemeji zangu na mwenye karavani ya jirani, akasema kwa sauti, "Hebu nishike mkono, nnataka kwenda msalani."

Hakuna aliyegeuza shingo. Tulikwenda pole pole. Alipoingia nilisimama nje, nikasikia komeo likifunga, halafu maji yakimiminika kutoka bombani. Sikuondoka pale mpaka alipotoka.