Nilivyomdaka Golikipa wa Mtae

Aibu hii naisema mwenyewe. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mwalimu wa timu moja kubwa ya mjini alipanda kijijini kwetu Mtae, juu milimani, kutafuta wachezaji.

"Washambuliaji tunao, bibi. Tumepungukiwa golikipa," akaniambia, akinikuta nalima kando ya uwanja.

"Mchukue mjukuu wangu Salimu! Mpira naujua mimi," nikajigamba, wala sijawahi kuutazama.

Goli letu liko ukingoni mwa genge. Salimu akawekwa golini kujaribiwa; mpira ukapigwa, akaruka. Jamani! Akanyooka angani kama mwewe, mawingu yako chini yake. Sijaona kitu kizuri vile. Nikajua anatumbukia. Nikatupa jembe, nikakimbilia uwanjani, nikamdaka miguu yote miwili. Mpira ukaingia.

Mwalimu akanisogelea taratibu.

"Shikamoo, bibi. Huyu nilishamchagua alivyoruka tu. Wewe unacheza namba ngapi?"