Kuwatangazia Watu wa Malori Elwak

Niliondoka Garissa kwa sababu wenye malori wa kaskazini walikuwa na mkutano wao Elwak, na mwaka uliotangulia matangazo yao hayakuwafikia nusu ya watu. Huja na familia nzima, hulala ndani ya malori au chini ya maturubai kando yake, na kambi huenea hata huwezi kumwita mtu wa upande wa pili. Mimi hukodisha vipaza sauti kwa harusi na mihadhara mjini. Waliponiita sikusita, kazi yangu naijua.

Wajir tulifika baada ya kulala Modogashe, msafara mzima ukisindikizwa na polisi kwa ajili ya majambazi. Vumbi liliingia kila mahali isipokuwa ndani ya amplifaya, niliyoifunga kwa leso na kuipakata njia nzima. Dereva wa lori nililopanda alinitania kwamba nimebeba mtoto mchanga.

Elwak nilipokewa na Haji Adan, mwenyekiti wa mkutano, na Mwalimu Amina, katibu wake. Malori yalikuwa yamepangwa kwa safu ndani ya laga, mto mkavu, kwa kufuata kivuli cha miti. Nilifunga vipaza sauti juu ya lori la katikati, kimoja kikielekea upande wa juu wa laga, kingine upande wa chini. Tukapatana na madereva kwamba mimi nitatangaza kwa Kiswahili, Amina kwa Kisomali, na kila safu ikisikia ipige honi mara moja. Wengine waliona honi ni kelele za bure. Nilishikilia.

Alasiri, siku ya mwisho, dereva mmoja alikuja mbio kutoka upande wa Mandera. Mvua kubwa imenyesha huko, alisema, na maji yanateremka na laga. Haji Adan alitaka tungoje kidogo. Aliogopa watu wakikurupuka malori yatakanyaga watoto. Nikamwambia anayekurupuka ni aliyesikia nusu; tuwaambie yote, na zamu ya kila mmoja.

Akasema, "Haya, sema. Lakini sema bole bole. Maji iko inakuja, watu isikimbie."

Amina aliongea kwa utulivu, kama anayeita majina darasani: watoto wapakiwe kwanza, safu ya juu itoke, halafu inayofuata. Nikarudia kwa Kiswahili. Honi zikajibu, moja baada ya nyingine, ila safu ya juu kabisa, ile ambayo maji yangeifikia kwanza. Tukarudia. Kimya.

Nikamwachia Amina maikrofoni, nikapanda pikapu ya Haji Adan. Huko juu tulikuta jenereta ikinguruma, fundi akichomelea chasisi ya lori lililotolewa magurudumu ya nyuma, na wanaume wote wamelizunguka. Hawakuwa wamesikia neno. Lilikuwa lori la Dahabo, mjane aliyefanya biashara ya sukari. Tulizima jenereta, tukawaeleza, na malori mengine ya safu hiyo yakaondoka. Lake lisingeweza. Tukambeba yeye na wanawe, mali ikabaki.

Tulikuwa ukingoni, na safu nyingine zote zimeshatoka, maji yalipofika, mekundu, yamebeba matawi ya migunga. Lori liliinuka upande mmoja, likalala. Dahabo alilitazama mpaka mwisho.

"Gari ni chuma, abaayo," aliniambia, akiniita dada kwa Kisomali. "Watoto yangu ni hawa." Lakini alinishika mkono, na hakuuachia upesi.

Wakati wa kurudi alisafiri nasi mpaka Wajir kwa kaka yake. Wenye malori walikuwa wameahidi kumbebea mzigo bila nauli mpaka atakaposimama tena, na njiani alikuwa tayari akiulizia bei ya sukari.

Mimi nilirudi Garissa na vyombo vyangu vizima. Kabla ya Elwak nilidhani tangazo zuri ni sauti kubwa na maneno yaliyonyooka. Yote mawili yanahitajika, sikatai. Ila ukishasema, sikiliza. Na asiyejibu, mfuate alipo.