Mashirika Manne kwa Mtoto Mmoja

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za kazi yangu, mwanangu, ni ile niliyokaripiwa na bibi mmoja kule Makongolosi, mlangoni kwake, gari la ofisi likinisubiri. Nakusimulia kwa sababu Jumatatu unaanza kazi kwenye shirika la watoto, na nisingependa ujifunze kwa njia niliyojifunza mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, binti wa Kihesa kule Iringa, aliyetoka chuoni na kuajiriwa na shirika moja la kimataifa lenye ofisi Mbeya. Kazi yangu ilikuwa ulinzi wa watoto kwenye machimbo ya dhahabu ya Makongolosi, wilayani Chunya. Mashirika ya nje yalikuwa manne kule: moja la afya, moja la elimu, moja la msaada wa sheria, na letu. Ungedhani tulikaa pamoja na kugawana kazi. Wapi. Tulipishana kwenye barabara ya Chunya kila mtu na gari lake, tunapigiana honi, basi. Lazaro wa shirika la elimu aliwahi kuniomba majina ya watoto niliowatembelea. Nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya ofisi yangu. Ukweli ni kwamba niliogopa atawaandika kwenye ripoti yake kabla yangu. Nilikuwa na kiburi cha kitoto, acha nikiri.

Katika watoto hao alikuwamo Tumpe, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyelelewa na bibi yake, Bibi Tusekile. Tumpe aliacha shule akawa anafanya kazi mwaloni, pale wanaposafisha mchanga wa dhahabu, akichanganya zebaki kwa mikono mitupu. Nilipokutana naye, mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka kwa sumu hiyo. Nilimhoji saa nzima. Mara nyingine alinijibu kabla sijamaliza swali, nami nikajisemea, mtoto huyu ana akili kweli. Chini ya fomu nikaandika kwamba nimempa rufaa kwa shirika la afya. Nikasaini, nikafunga jalada, nikarudi Mbeya nimeridhika na nafsi yangu.

Baada ya miezi miwili nilirudi kuona maendeleo yake. Tumpe aliliona gari, akakimbilia nyuma ya nyumba na hakutoka. Bibi Tusekile alikuwa anapukuchua mahindi mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua uso.

"Bibi, Tumpe anaendeleaje?"

"Umekuja kumwuliza tena?"

Nikasema nimekuja kufuatilia tu. Akaweka gunzi chini, akanitazama vizuri.

"Mwanangu, keti. Mwezi ule alikuja dada wa afya, akauliza, akaandika. Akaja kaka wa shule, akaandika. Wakaja wa sheria, wakaandika. Ukaja wewe. Mjukuu wangu amesimulia alivyoteswa kule mwaloni mara nne, na kila mara usiku halali. Sasa niambie, katika nyinyi wanne, nani amempeleka hospitali?"

Nikaanza kueleza habari ya rufaa, na nikayasikia maneno yangu mwenyewe yakiwa hayana kitu ndani. Bibi alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akaniambia, "Juzi ameshindwa kushika kijiko. Nimemlisha mimi."

Mwanangu, nilirudi Mbeya. Kesho yake nilimpigia Lazaro simu nikamwomba tukutane. Tulikutana kwa mama lishe mmoja, sokoni Mwanjelwa. Nilianza kwa kumwomba radhi, na sikuona raha hata kidogo. Yeye akacheka kidogo, akasema hata bosi wake alimkataza kunipa kitu. Akawaita wenzetu wawili, dada wa afya na wakili wa lile shirika la sheria. Siku iliyofuata, kwa idhini ya Bibi Tusekile na akiwapo afisa ustawi wa jamii, tulifungua majalada yetu yote manne kwenye meza moja.

Maswali yalikuwa yale yale. Mimi nilikuwa nimemwachia dada wa afya, dada wa afya alikuwa amewaachia watu wa sheria, nao wakasubiri shirika la elimu. Lazaro yeye alikuwa ameandika kwamba mtoto yuko mikononi mwa shirika letu. Barua za rufaa zilikaa kwenye ofisi zetu hazijasomwa na mtu.

Siku mbili baadaye tulimfuata Tumpe kwa gari moja. Alisimama mbali na mlango wa gari.

"Na huko nitaulizwa?" akanong'ona.

Nikamwambia, "Uliyokwisha kusema nitayasema mimi. Nikikosea, utanirekebisha."

Hospitalini daktari alipoanza kuuliza, nilimpa karatasi moja tuliyoiandika sote wanne. Akaisoma, akamwuliza Tumpe jambo moja tu, kama mikono inauma. Tumpe akasema haiumi ila haimsikii. Nilitoka nje nikalia kidogo, kisha nikarudi.

Makao makuu hayakufurahi. Kila shirika lilitaka kumhesabu Tumpe kuwa mtoto wake. Niliandikiwa barua kali kwamba nimetoa taarifa za ofisi. Nikajibu kwamba mlezi ameridhia, na wanaotaka kunifukuza wanifukuze, mimi sitamhoji tena mtoto huyu. Hawakunifukuza. Mashirika matatu yalikubali mwaka ule kutumia fomu moja na kukutana kila mwezi. La nne lilichukua muda, likaja. Utaratibu huo ndio utakaoukuta Jumatatu, na vijana wanaufanya vizuri kuliko tulivyoufanya sisi.

Tumpe alipata nafasi ya shule Iringa. Mikono ilitulia taratibu, mwaka wa pili. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, ingawa baridi ya Juni ikizidi bado hushika kikombe kwa viganja viwili. Bibi Tusekile alimwona akihitimu. Aliyemwajiri mwaloni alifikishwa mahakamani, na Tumpe alitoa ushahidi wake mara moja tu, wakili akiwa kando yake.

Basi nikuambie kwa kifupi, mwanangu. Kabla ya kumwuliza mtoto lolote, tafuta kwanza nani amemtembelea na amesikia nini. Ukimkabidhi mtoto kwa mwenzako, usiridhike na barua. Piga simu, jua jina la atakayempokea na siku atakayompokea, na siku hiyo ikipita uliza tena. Habari za mtoto zilinde, usizitawanye hovyo, lakini usizifiche kwa sababu ya jina la shirika lako. Mashirika haya yana nguvu yanaposhikana, mimi nimeiona. Na ukikosea, kamwombe radhi mwenzako asubuhi yake, usingoje.

Nenda kafanye kazi, mwanangu. Mungu akupe masikio ya kusikia wadogo, akupe wenzako wa kweli, na kila mlango utakaobisha ufunguliwe na mtu anayefurahi kukuona.