Boti Isiyo na Mlango wa Nyuma

Dizeli ikichanganyika na harufu ya sato wa kukaanga hunitibua roho mpaka leo. Juzi nilisimama Sirari kwenye kituo cha mafuta, jirani na mama mmoja anayekaanga samaki, mara machozi yakanitoka. Mama yule akaniuliza kama nina mimba. Nikacheka, nikamwambia ni moshi. Ninyi wasomaji wangu sitawadanganya, maana nilishadanganya mara moja na bado nailipia.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Nkende, pale Tarime, kwenye nyumba ya kupanga. Mama alikuwa mzaliwa wa Kisaka, upande wa Serengeti. Baba alikuwa ofisa wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, mtu wa watu, aliyeamini kwamba hakuna jambo lisilolainika kwa mzaha. Jambo moja tu lilimshinda: bibi yangu mzaa mama hakuwahi kukaa naye chumba kimoja.

Haikuwa chuki. Kwa watu wa kwa mama, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawali pamoja. Baba akiingia uani kule Kisaka, bibi alitokea mlango wa nyuma, akapita kwenye mahindi, na salamu zake tukazileta sisi watoto. Baba alicheka mbele za watu, lakini njia nzima ya kurudi alikuwa haongei. "Miaka kumi na moja nimemwoa binti yake," alimwambia mama siku moja, "na sura yake siijui."

Jina langu ni Robhi, lakini bibi aliniita mke mwenzangu. Nikipika ugali alionja, akakunja uso, akasema, "Mke mwenzangu, kwa ugali huu mume wetu angekurudisha kwenu," huku akimega tonge la pili. Mume wetu ndiye babu, mpiga litungu, kile kinubi cha kwao, aliyefariki kabla sijazaliwa. Litungu lake lilining'inia ukutani, nyuzi zote nane zimelegea, na bibi kila alipofagia alilipitishia kiganja.

Mwaka ule ofisi ya baba ilikodi boti Musoma kwa ajili ya sherehe ya familia: siku nzima ziwani, chakula, muziki, na mpiga litungu mmoja aliyefundishwa na babu mwenyewe. Bibi aliposikia jina la mpigaji alisema angependa kuusikia tena ule wimbo wa babu wa kuwasifu ng'ombe, hata mara moja, kabla hajafa. Lakini kama mkwe wake atakuwemo, yeye haendi.

Baba akaniita pembeni. "Mwambie bibi nina safari ya kikazi Mwanza. Mama yako naye nitamwambia hivyo hivyo. Kwenye boti hakuna mlango wa nyuma, mwanangu. Atanitazama, tutacheka, yataisha." Ilikuwa siri yetu wawili. Alinipa kama mtu anavyompa mtoto peremende, nami nikaimumunya.

Bibi aliniuliza mimi, si mama. Mtoto, alisema, hana sababu ya kudanganya.

"Mke mwenzangu, baba yako hatakuwepo kweli?"

"Yuko Mwanza, bibi."

Akafungua sanduku, akatoa kitenge kipya kinachonuka dawa ya nondo.

Siku yenyewe ilianza vizuri mno. Bibi alivua viatu kabla ya kupanda boti, kama anayeingia nyumbani kwa mtu, na wanawake wa ofisini wakamcheka kwa upendo. Tulikaa ghorofa ya juu, upepo unapuliza, soda za baridi mikononi, na chini jikoni sato wanakaangwa. Mpigaji alipomtambua bibi aliinama. "Shikamoo mama. Huu ni wa mzee." Bibi akafumba macho. Mabega yakaanza kucheza taratibu, akawa anataja majina ya ng'ombe pamoja na wimbo, moja baada ya jingine. Sijawahi kumwona vile tena.

Wimbo haujafika katikati, baba akapanda ngazi kutoka jikoni alikojificha. Mkono mmoja sahani ya pilau na samaki, mwingine kipaza sauti. "Jamani, leo nimempata mama mkwe wangu! Mama, shikamoo!" Watu wakashangilia, wakatoa simu wapige picha.

"Baba Robhi, hapana!" mama akapiga kelele.

Bibi aligeuka kulia, akageuka kushoto. Kote maji. Akajifunika kitenge kichwa na uso, akashuka ngazi kwa kupapasa hadi kwenye injini, akakaa akitazama ukuta.

Baba akamfuata na sahani yake. "Nimekukosea nini, mama? Nimekuletea chakula kwa mkono wangu." Akaiweka sakafuni, akaondoka, na usoni hakuwa tena na kicheko.

Bibi alikaa pale mpaka jioni, nami kando yake. Pilau ilipoa, mafuta ya samaki yakaganda, moshi wa dizeli ukatujaa kifuani. Juu litungu liliendelea kupigwa. Kwa kelele za injini, pale chini hatukusikia hata uzi mmoja.

Tulipotia nanga alinishika mkono. "Ulijua?"

"Nilijua, bibi."

"Haya," akasema, akavaa viatu.

Wazee wa Kisaka waliagiza baba apeleke mbuzi, yaishe. Baba akakataa. "Nilipe mbuzi kwa kumsalimia mtu?" Mama alimsihi hadi akachoka. Mpaka leo baba anaamini kwamba bibi alimdharau mbele ya wafanyakazi wenzake. Mimi ilinichukua miaka kuelewa kwamba ule mgongo aliopewa ndiyo heshima yenyewe, na kwamba bibi alikaa na njaa kutwa nzima ili asimvunjie mkwe wake heshima, siku ambayo mkwe huyo alikuwa ameshaivunja ya kwake. Namkasirikia baba. Lakini bibi hakumuuliza baba, aliniuliza mimi.

Niliendelea kwenda Kisaka kila likizo. Alinipikia, akanifunika blanketi, hakunigombeza hata siku moja. Ila lile jina la mke mwenzangu sikulisikia tena. Mwaka wake wa mwisho, macho yameshakufa, nilimsongea ugali mbaya kwa makusudi, wenye mabuja na mbichi katikati. Nikamwekea tonge mkononi, nikasubiri. Alitafuna polepole, akaumaliza wote.

"Asante, Robhi," akasema.