Maji ya Samaki wa Mama

Wiki iliyopita nilikuwa katika duka la dawa za mifugo hapa Lushoto, akaingia mwalimu mstaafu ameshika chupa ya maji.

"Shikamoo, mwalimu," alisema muuzaji.

"Marahaba. Mke wangu kalazwa, kaniachia samaki wake wa baharini anaowafuga kwenye tangi la kioo. Maji yakipungua naongeza ya chumvi. Leo samaki wamelala ubavu. Haya ndiyo maji yao."

Muuzaji aliyaonja, akatema. "Hata bahari ya kwetu Tanga haina ukali huu. Maji hukauka, chumvi hubaki. Ongeza maji yasiyo na chumvi, kidogo kidogo. Ukiharakisha watakufa."

"Wakifa nitamwambiaje?" mwalimu aliuliza kwa sauti ya chini.

Jana nilimkuta mwalimu sokoni. Samaki wamepona, na mkewe karudi. Kitu pekee kinachomshangaza mama huyo ni kwamba yeye ndiye aliyelazwa, lakini aliyekonda ni mumewe.