Kilio cha Mtu wa Kitabu

Mwandishi wa riwaya wa mji wetu wa Kamina ameaga dunia, na kwa kuwa hatukuwa na mwingine, nafasi hiyo sasa iko wazi. Alikufa kwa kichomi mwanzoni mwa kiangazi, nyumbani kwake, ng'ambo ya reli. Wasomaji wanaojua jinsi ninavyoandika polepole hawatashangaa kwamba habari hii inawafikia udongo wa kaburi ukiwa umekwisha kukauka. Jina lake sitalitaja. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba jina la mwandishi juu ya kitabu ni kama jina la seremala juu ya jeneza: aliye ndani halimsaidii.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuunga mabehewa. Wakati wa vita kubwa, treni za shaba zilipokuwa zikipita bila kupumzika, mnyororo wa kuungia uliochakaa ulikatika, behewa likarudi nyuma, na miguu yake yote miwili ikakatwa juu ya magoti. Mnyororo uliungwa upya siku ileile, treni ikaondoka. Yeye alipewa kigari cha mbao chenye magurudumu ya chuma, akaachiwa nyumba yake katika kambi ya reli, ingawa kila mtu alijua kwamba nyumba za kambi ni za wafanyakazi. Alipokuwa bado hospitalini, fundi mmoja wa Kizungu, ambaye Wazungu wenzake hawakumpenda, alimletea riwaya ya Kifaransa isiyo na jalada. Ilieleza habari za watu waliojenga kiwanda. Aliisoma mpaka kurasa zikaachana. Akatuambia kwamba vitabu vya namna hiyo vina sheria mbili: kazi ionekane kama ilivyo, na mwishoni watu waende mbele. Padri wetu alisema kwamba vitabu hivyo vina jina maalumu, na kwamba jina hilo ni baya. Alilirudia katika mahubiri mengi tusije tukalisahau.

Aliandika kwa Kiswahili, juu ya karatasi za mifuko ya saruji, kwa hiyo sura za kwanza tulizisikiliza tukipiga chafya. Jumapili baada ya misa watu walikusanyika mbele ya mlango wake, naye akasoma akiwa juu ya kigari. Hapo mlangoni aliweka kipande cha reli kuukuu. Hakuandika habari ya kazi yoyote kabla ya kuiona ikifanywa mbele ya macho yake. Siku moja aliandika kwamba watu wanne walibeba reli huku wakiimba wimbo wote. Akawaita watu wanne, wakabeba, wakaimba. Ubeti wa kwanza ulitoka. Ubeti wa pili haukutoka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na pumzi ya kuutoa. Akaufuta. Mmoja wa wabebaji, mwenye kipawa cha kuimba, alinung'unika akimwita yaya, yaani kaka:

"Yaya, ule ubeti njo ulikuwa muzuri."

"Uimbe basi."

"Niweke kwanza reli chini."

"Mu kitabu yangu reli haiko chini," akajibu, akaendelea kuandika.

Mtu mkuu wa riwaya yake aliitwa Mwilambwe. Hilo ndilo jina pekee la mtu nitakaloliandika katika safu hii, kwa kuwa mwenyewe hakuwahi kuzaliwa. Mwilambwe aliunga mabehewa, alipenda munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, uliochacha kidogo, na alikuwa na mbio kuliko kambi nzima. Alikimbia kando ya treni inayotembea na kudandia behewa la mwisho bila kushika kofia yake. Watu walimzoea. Mwanamke mmoja, muuza mikate wa mstari wa tatu wa nyumba, alikuwa akisema hadharani kwamba mwanaume wa namna ile angemfaa mdogo wake, ambaye wachumba wenye mwili walimkataa.

Kisha ikaja Jumapili ambayo mnyororo ulikatika na Mwilambwe akafa. Mwandishi alisoma sura ile kwa sauti ileile aliyosomea habari ya reli. Alipofika mwisho muuza mikate akaanza kulia, mikono kichwani, kama mwanamke wa kwetu anavyolia akifiwa. Wanaoishi na Waluba wanajua kwamba kilio kikipigwa hakiulizwi ni cha nani. Jirani anaacha sufuria motoni na kuja. Walikuja watu wa mstari wa kwanza, wakaja wa mstari wa nne, wakakoka moto, wanawake wakaleta unga wa bukari, ugali wetu, mtu akatoa samaki wakavu aliowaweka kwa ajili ya ubatizo. Wengi waliofika jioni hawakuwa wamesikia hata neno moja la riwaya. Walikaa chini, wakalia vizuri. Mwandishi alijaribu kuwaeleza, lakini mfiwa anayesema hakuna aliyekufa huachwa apumzike. Walimfunika blanketi.

Jumatatu asubuhi wengi hawakwenda kazini. Walikuwa wamemwomba kapita wao, msimamizi wa kazi, ruhusa ya kufiwa, na kapita hakuweza kuwanyima, kwani naye alikuwa amekaa palepale. Mkuu wa kambi, mtu wetu aliyesoma na kuvaa viatu hata akiwa ndani, alifika kuuliza.

"Nani njo alikufa?"

"Mwilambwe, shefu," kapita akajibu.

"Mwilambwe gani? Anakaa nyumba gani?"

"Hana nyumba. Ni muntu wa kitabu."

Mkuu wa kambi alitazama masufuria. "Na bukari hii, muntu wa kitabu njo anakulaka?"

"Hapana, shefu. Hii ni ya bafiwa."

Mkuu wa kambi hakucheka. Aliomba asomewe sura yenyewe, akaisikiliza akiwa amesimama, na iliposomwa hadi kwenye mnyororo alielewa jambo ambalo waombolezaji walikuwa wameelewa tangu jana: mnyororo wa kitabuni ulikuwa ule wa stesheni, na ulikuwa bado unafanya kazi. Akatoa amri. Jumapili inayofuata Mwilambwe asomwe akiwa hai, amelazwa hospitalini, akimshukuru daktari. La sivyo, mwandishi atoke kambini.

"Weye si mutumikaji tena," akamwambia. "Nyumba ni ya batumikaji. Minyi nilifunga macho. Usinifungue macho."

Juma hilo kambi nzima ilimwombea Mwilambwe apone. Hata muuza mikate alikuja na mkate. "Muandike tu apone, yaya," alisema. "Ni wino. Weye nayo utaenda kulala wapi, na ile kigari?"

"Nikimuponyesha Mwilambwe," akajibu, "munyororo nayo itapona. Na minyi niliiona. Haikupona."

Muuza mikate akamwachia mkate.

Jumapili watu walikuwa wengi kuliko misani. Mkuu wa kambi aliletewa kiti. Mwandishi alifungua karatasi zake. Mwilambwe alikuwa amekufa tangu mstari wa kwanza wa sura. Wenzake walimzika, wakaenda wote pamoja ofisini, wakasimama pale bila kuketi mpaka wakapewa mnyororo mpya. Sura iliishia hapo, watu wakiwa wameubeba mabegani kama wanavyobeba reli, bila kuimba. Mkuu wa kambi aliinuka, akakunja mwenyewe kiti chake.

"Umesoma muzuri," alisema. "Kesho utoke."

Mwandishi akatoka kambini. Walewale wabebaji wanne walisukuma kigari kuvuka reli, na siku zao za mapumziko wakamfyatulia matofali. Kapita alileta mlango, akasisitiza kwamba aliuokota. Mnyororo wa stesheni ulibadilishwa kabla ya mvua. Sisemi ni kwa sababu ya riwaya. Mkuu wa kambi alieleza kwamba ulikuwa umeagizwa zamani, na mimi sina sababu ya kumkatalia, maana vitu vinavyoagizwa zamani vina desturi ya kufika baada ya kilio.

Riwaya haikuchapwa. Aliipeleka kwa wachapishaji wa misheni wa mbali, wakamjibu kwa upole kwamba hadithi ni nzuri ila haina wanyama. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Sisi watu wa Kamina tunaishi kwa treni. Tunajua ipi inatoka Kasai na ipi imechelewa, na hata gazeti hili huandika kwamba treni imefika na nani alishuka. Aliyeunga mabehewa haandikwi, na yeye mwenyewe haoni kwamba amekosewa, kwa sababu hajapata kuiona kazi ya mkono wake imekaa katika sentensi. Watu wale hawakumlilia Mwilambwe kwa ujinga. Ilikuwa mara yao ya kwanza kusikia mfanyakazi mwenzao akisomwa kwa sauti kubwa, na walijua kwamba majina ya watu husomwa hivyo wakifa tu.

Alipofariki, dada yake alikuja kutoka Kinkondja, kando ya ziwa, juu ya lori la samaki. Hawakuwa wameonana tangu kaka alipoondoka ziwani akiwa kijana, na habari za ajali zilimfikia zikiwa zimegeuzwageuzwa na wasafiri. Kwenye kilio akaomba, kama ilivyo haki ya ndugu, aelezwe kaka yake aliishi vipi kwetu. Miaka yote alikuwa ametusomea habari za wengine. Habari zake mwenyewe hatukuwa nazo hata kidogo. Basi mmoja wa wale wabebaji akaanza kusema alichokuwa nacho: kwamba alipenda munkoyo uliochacha kidogo. Mwingine akaongeza kwamba alikimbia kando ya treni na kudandia behewa la mwisho bila kushika kofia. Muuza mikate akasema kwamba wanawake walimtaka. Dada alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akikitikisa kidogo kila jambo lilipotajwa.

Kapita, ambaye ni mtu wa kweli, hakuvumilia. "Mama," alisema, "utusamehe. Huyu banayemusema ni Mwilambwe, muntu wa kitabu yake. Yeye mwenyewe hakukuwa na miguu."

Dada aliinua kichwa. Alikuwa amekiona kigari pale ukutani.

"Niliona," akasema. "Lakini huyu wa kukimbia, kule kwetu njo tulikuwa tunamujua. Bapige tu habari."

Wakaendelea. Kapita naye akaongeza jambo, la kupanda ngazi ya behewa kwa mkono mmoja. Jeneza lilikuwa fupi, seremala alikuwa amepima vizuri, lakini jioni ile hakuna aliyelisema. Funzo nililolipata ni dogo, nami nalitoa kama lilivyo: anayeandika kazi ya wenzake kwa ukweli asihangaike kujiandika mwenyewe. Siku yake ikifika watamsema kwa yale aliyowaandikia, na huenda wakamrudishia hata miguu.